Mkwe Ndani ya Tenga

Jumapili, 22 Saun. Kathmandu, nyumbani.

Naanza shajara leo. Sababu ni kwamba duka la Baba mkwe likishakuwa langu, watu watataka kujua lilipatikanaje, na mimi kichwa changu kina mambo mengi.

Habari yenyewe ni hii. Baba mkwe wangu, mzee Mukti Sapkota, ana miaka sitini na minane na duka la vitambaa pale kona ya Chabahil. Kona! Mvua ikinyesha, watu wote hujibanza humo, na aliyejibanza huona haya kutoka bila kununua. Hana mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili. Mkubwa, Indu, nilimwoa mimi, Homnath Lamsal. Mdogo, Bindu, aliolewa na Keshab Wagle. Kwa hiyo Keshab ni mwanyumba wangu. Usimwombee mtu mabaya, lakini mwanyumba unaruhusiwa kumwombea mafua.

Keshab ana duka la dawa. Tayari ana duka! Mimi ni karani wa idara ya maji, dirisha la malalamiko. Sasa nani mwenye shida ya duka hapa?

Jana Baba alituita wote. Alisema macho yake siku hizi hayasomi tena alama za rula ya kupimia vitambaa, na wakati wa kukabidhi umefika. Lakini kwanza ana nadhiri. Marehemu Mama mkwe alipokuwa anakata roho, Baba alimwahidi kwamba ataoga katika ziwa la Gosaikunda, siku ya mwezi mpevu katika mwezi wetu huu wa Saun, kwa niaba yake. Imekuwa mwakani, mwakani, mpaka leo. Safari hii anakwenda, kwa basi mpaka Dhunche, kisha kupanda mlima kwa miguu, na wakwe zake wawili waende naye. Huko huko mlimani, alisema, ataona duka amwachie nani.

Indu alisema mimi hata kwenda kununua nyanya napanda teksi. Indu hana imani. Ni ugonjwa wa familia yao.

Kuna tatizo moja. Kwa mila yetu mkwe wa kiume ni kama mungu wa nyumbani. Baba wa mke humwinamia na kumgusa miguu. Hambebeshi mzigo. Hapokei chakula wala maji kutoka mkononi mwake. Akipokea, amejitia dhambini. Haya, utamsaidiaje njiani mtu ambaye msaada wako ni dhambi kwake? Keshab hajaliwaza hili. Mimi nimeliwaza tangu jana. Jibu sijapata, lakini nimetangulia kuwaza.


Jumatatu, 23 Saun. Dhunche.

Ushindi wa kwanza, kabla hata basi halijawaka! Kituoni Baba alituinamia kama desturi. Miguu yangu aliigusa kwa mikono miwili. Ya Keshab, mkono mmoja. Keshab atasema mkono wa pili ulishika mwavuli. Mwavuli ungeweza kuwekwa chini.

Nilipanga kukaa karibu na Baba, Keshab akae nyuma juu ya gurudumu. Ilikuwa hivyo. Baba akanilazimisha nikae dirishani, kiti cha heshima. Barabara ikaanza kujikunja. Tumbo nalo likajikunja. Dirisha halikufunguka. Baba akavua kofia yake na kunipa, nami nikaitumia. Si kila mkwe hupewa kofia ya mzee. Keshab akanyoosha mkono kutoka nyuma na kidonge cha kichefuchefu. Nilikikataa. Najua anachotafuta.

Mbele tukakuta mlima umeporomoka na kufunika barabara. Abiria wote tushuke, tuvuke tope kwa miguu, tupande basi jingine upande wa pili. Nikaona hapa ndipo! Nikanyakua begi la Baba na kukimbia nalo. Baba akanifuata akipiga kelele mbele ya basi zima kwamba nataka kumpeleka motoni. "Mkwe, weka chini! Weka chini, nitafia wapi mimi?" Akaninyang'anya. Kisha, ili kusafisha dhambi, akachukua na begi langu. Keshab akakataa kutoa lake. Baba akalichukua hilo pia.

Akavuka na mabegi matatu. Mimi nilibeba ile kofia.

Mama mmoja mwenye kuku alimwambia mwenzake, tena kwa sauti: "Litazame lile jitu, linamtwisha mzee mizigo." Nilimweleza kwa upole kwamba huyu ni baba wa mke wangu. Akasema, "Ndiyo maana mabinti wa watu wanazeeka mapema." Watu wa basi hawana elimu ya mila.


Jumanne, 24 Saun. Chandanbari, kwa Phurpu Dolma.

Kupanda. Kupanda tu. Aliyeitengeneza njia hii alikuwa na ugomvi na mtu.

Mvua, ukungu, na ruba. Ruba saba nilibandua shingoni peke yake. Wa nane nilimkuta ndani ya soksi jioni, amenenepa, ametulia kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nikamtazama Keshab.

Maana leo nimemgundua! Kumbe analo jibu. Anatangulia hatua kadhaa, anaweka chupa ya maji juu ya jiwe, halafu anaendelea na safari zake kama aliyesahau kitu. Baba anafika, anaikuta, anakunywa. Hajapokea mkononi mwa mtu. Amepokea kwa jiwe! Hakuna dhambi. Hakuna hata shukrani, lakini Keshab anajua, na Baba anajua, na duka linajua.

Nami nikatangulia. Nikaweka biskuti kwenye jiwe, pakiti nzima, nikajificha nyuma ya mti. Akatokea mtawa mmoja wa kujipaka majivu, nywele hadi kiunoni, anayekwenda ziwani kama sisi. Akazila zote. Akanibariki kule kule nyuma ya mti, maana aliniona. Nikatangulia tena, nikaweka tufaha. Mtawa yule yule. Nikaweka ndizi. Mtawa. Sijui anapita njia gani. Baba alipofika hakukuta kitu, akaniuliza mbona nimechuchumaa kichakani, kama tumbo bado. Mtawa sasa anatembea nyuma yangu tu, wala hajifichi.

Jioni likatokea jambo kubwa zaidi. Tumelala nyumba ya wageni ya Phurpu Dolma, mama wa kabila la Watamang mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Kwa ajili ya nadhiri, Baba alipiga marufuku tangu nyumbani: hakuna nyama, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, mpaka tumeoga na kubadilisha uzi mtakatifu tunaouvaa begani. Sasa niko kwenye jiko la kuni nakausha soksi, nasikia nini? Harufu ya saumu. Nikaifuata. Bakuli la supu ya saumu, linafuka moshi, mezani mbele ya Keshab!

Sikufanya haraka. Nilingoja chumba kijae mahujaji. Kisha nikasimama na kusema, kwa huzuni, si kwa hasira, kwamba humu ndani kuna mtu ameonja haramu kabla ya kuoga, na kwamba sitamtaja jina lakini ana duka la dawa. Vijiko vyote vikasimama.

Baba akanyoosha mkono, akalivuta bakuli, akalinywa lote mpaka chini. Akafuta sharubu. "Ni yangu, mkwe," akasema. "Ujanani nilibeba chumvi na mafuta ya taa njia hii. Mlima huu ukimshika mtu kichwa, saumu ni dawa, na dawa haivunji nadhiri. Na wewe kunywa."

Phurpu Dolma alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema supu aliagiza kaka mwenye miwani, yaani Keshab, akamwambia ampe mzee yeye mwenyewe kwa mkono wake. Umeona? Mara jiwe, mara mwanamke wa watu. Mtu huyu hana mikono?

Nilikataa supu. Nilikataa na vidonge vya Keshab vya mlima, ambavyo alivifunga kwenye karatasi na kuandika jina langu. Kuna watu wenye msimamo.

Mpango wa kesho ni kulala vibanda vya Lauribina, nusu ya njia, mwili uzoee. Keshokutwa ziwani. Nilisema nina wazo bora, lakini sikusema lipi. Baba alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mkamia maji hayanywi, mkwe." Sikujua anamsema nani, ila Keshab alikuwa karibu.


Jumatano, 25 Saun. Gosaikunda! Ziwani kwenyewe!

Wa kwanza! Nimewaacha wote.

Wazo lilikuwa hili. Sikukuu imekaribia, mahujaji ni kama siafu, vibanda vya mawe kando ya ziwa ni vichache. Mkwe mwenye akili hatoi maji wala biskuti. Anatoa paa. Paa halipokelewi kwa mkono. Mtu unaingia tu chini yake. Nikatoka alfajiri wengine wakiwa wanakoroma. Phurpu Dolma alikuwa nje anakamua. Akasema, "Kaka, huu mlima haukimbiliwi. Unakungoja, lakini haukimbiliwi." Nikamwambia nimeshughulika na umma miaka kumi na tisa, siogopi mlima.

Lauribina nimepita bila kusimama. Mtawa amesimama. Nilimshinda hata yeye!

Kibanda nimekipata. Mlango unatazama maji. Nimemwambia mwenye kibanda kwamba tajiri wa vitambaa wa Chabahil anakuja na hili ndilo chaguo lake. Amesema sawa, ila nikae humo kukilinda.

Kichwa kinagonga kidogo. Ni ngoma za waganga wa kienyeji, wamekuja wengi na kofia zao za manyoya ya tausi.

Ngoma zimenyamaza. Kichwa bado kinagonga.

Nimetapika. Nimetapika tena, ndani ya buti la mtu.

Buti lilikuwa langu.

Wameingia mahujaji kumi na kitu kibandani. Nimewaambia pamechukuliwa. Wamelala juu ya miguu yangu.

Mtawa amefika. Anauliza mbona leo siweki kitu kwenye jiwe. Nimemwambia ukurasa huu unatembea. Ameutazama, amesema hautembei.

Indu. Duka lipakwe rangi ya kijani.


Alhamisi, 26 Saun. Chandanbari tena, kitandani.

Niko hai. Naandika hili kwa ajili ya wanaonipenda, na kwa ajili ya Keshab ili ajue.

Kumbe mtawa aliteremka jana ile ile hadi Lauribina, akauliza nyumba kwa nyumba, akamkuta Baba. Akamwambia, "Yule mtu wako anayelisha mawe anakufa kule juu." Baba hakungoja hata chai ya asubuhi. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa ameloa chapa, na Keshab nyuma yake anahema. Na kitu cha kwanza alichofanya Baba, kabla ya salamu, ni kuinama na kunigusa miguu. Huo ndio uungwana. Sijui Keshab aligusa nini.

Baba akanitaka nitembee kwenye mstari wa sakafuni. Nilitembea vizuri sana mpaka ukuta. Keshab akasema mlima umenishika vibaya, nishushwe sasa hivi, si baadaye, la sivyo Indu atavaa nyeupe ya ujane. Akanitia kidonge mdomoni na kunifunga pua. Nilimeza kwa ajili ya Indu tu.

Farasi wote walikuwa wameshikwa na mahujaji. Helikopta? Mawingu yalikuwa yamekaa mpaka kwenye vizingiti. Ndipo mwenye kibanda akaleta tenga lake la kuni, lile kubwa, na ukanda wake wa kuvaa kichwani. Keshab akapiga goti ili anibebe.

Nilikataa! Hata anayekufa ana haki zake. Keshab angenibeba mara moja mlimani na mara mia kwenye masimulizi. Harusini angenibeba. Matangani angenibeba. Nilishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili nikasema bora nife nimelala. Keshab akaniita mpumbavu. Akaniita hivyo mbele ya mahujaji, naye ni mtu wa dawa! Nikazidi kuushika.

Baba akasema basi, yaishe. Akachukua ukanda, akauweka kwenye paji la uso wake, akachuchumaa mbele yangu. "Panda, mkwe. Baba wa mke kumbeba mkwe si dhambi. Dhambi ni upande wa pili tu." Nikapanda.

Kutoka mlangoni hadi majini si mbali. Ungeweza kurusha kokoto. Watu walikuwa wanafika, wanashuka ukingoni, wanayagusa maji na kuweka kwenye paji la uso wakisubiri kesho, siku yenyewe. Baba alisimama pale na mimi mgongoni. Akayatazama maji. Nikamwambia, "Baba, nakufa." Akayatazama tena. Kisha akageuka, akaanza kushuka. Mimi sikumzuia, maana tenga lilikuwa linanibana mbavu.

Keshab alichelewa kidogo. Alikuwa amechutama ukingoni na chupa yake. Kiu haina adabu.

Njiani mvua ilipiga. Keshab akafungua mwavuli, akatembea ubavuni akinikinga mimi, mkono juu, saa baada ya saa. Nilishangaa. Nikaona ameanza kunitambua kuwa ndiye mkubwa. Baba, kwa kuwa alikuwa chini yangu, naye hakuloa. Bahati yake.

Kufika Lauribina kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Miguu pia ilikuwa mizima. Sikusema. Mtu akikuheshimu, usimkatize. Baba aliliegemeza tenga kwenye jiwe, akapumua, akaendelea, mpaka huku chini. Njia yote nilikuwa natazama nilikotoka. Ni mandhari nzuri sana, sijui kwa nini watu hupanda.

Phurpu Dolma alitoka akapiga ukelele: "Mzee, umebeba nini?" Baba akasema, "Mungu." Phurpu akachungulia tengani, akasema miungu ya siku hizi inakula sana.

Baba amelala huku ameinua goti la kulia juu ya gunia. Limevimba kidogo. Uzee.


Ijumaa, 27 Saun. Mwezi mpevu.

Nimeamka mzima kabisa! Na kiu kali. Dirishani palikuwa na chupa. Maji safi, baridi, matamu ajabu. Nilikunywa zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja.

Nikasikia nje Phurpu Dolma anamuuliza Keshab kama yale maji ya ziwa ya mzee bado yapo. Keshab akajibu yapo, dirishani, chupa nzima. Baba akishanyolewa na kuvaa uzi mpya, Phurpu ampeleke bombani ammwagie kichwani yeye, kwa mkono wake. Nadhiri itatimia hata kama si kwa kuingia ziwani. Ni siku yenyewe na maji ni yenyewe.

Nikaitazama chupa.

Sikubabaika. Nilipita mlango wa nyuma, nikaenda bombani, nikaijaza mpaka shingoni. Nilipoinua macho, Keshab alikuwa amesimama pale anapiga mswaki. Alitazama chupa, akanitazama mimi. Hakusema kitu kwa sababu mdomo ulijaa povu. Kisha akatema povu, na bado hakusema kitu. Wivu.

Sherehe ilikuwa nzuri. Baba amenyolewa, kifua wazi, uzi mpya mweupe begani, anachechemea. Alikaa kwenye jiwe mbele ya bomba. Phurpu Dolma akammwagia polepole. Baba akafumba macho, akasema, "Sabitri, tumefika." Sabitri ni marehemu Mama. Halafu akalia, mzee mzima, mabega yakitikisika, na Phurpu Dolma naye akalia na chupa yake mkononi. Keshab akageuka kutazama mlima. Mimi nilitazama bomba.

Nimefikiri sana na dhamiri yangu ni safi. Mimi ni mtu wa idara ya maji. Nayajua maji. Maji yote hutoka juu. Bomba la Chandanbari linatoka mlimani, mlima ndio huo huo, ziwa liko huko huko. Tofauti ni chupa tu, na chupa haikubadilika.

Isitoshe, Baba alisema mkamia maji hayanywi. Mimi nimeyanywa. Kwa hiyo hakuwa ananisema mimi.


Jumamosi, 28 Saun. Kathmandu.

Tumefika! Basini niliweka kofia tayari, haikuhitajika.

Baba hakungoja. Alipokwisha kuvua viatu, kimoja kwa shida, akawaita mabinti zake. Nilivaa shati la kola. Keshab alikuja na lile lile la safarini, lina tope mgongoni. Anajiangusha mwenyewe, nikasema moyoni.

Baba alisema hivi, nimeyashika kwa kichwa: "Nilikwenda mlimani kuona duka nimwachie nani kati ya wakwe zangu. Nimeona. Mkwe ni mungu, na mungu hawekwi kaunta kupima vitambaa. Duka nawaachia Indu na Bindu."

Keshab alitabasamu! Mtu ameshindwa na anatabasamu. Akasema ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Bindu akalia. Indu hakulia. Indu aliuliza funguo ziko wapi.

Mimi nilipiga makofi kabla ya wote. Hesabu ni rahisi. Duka ni la Indu, Indu ni wangu. Keshab naye atasema ana Bindu, lakini Indu ndiye mkubwa, na mkubwa hushika funguo. Nimeshinda! Nimeshinda kwa kulala ndani ya tenga.


Jumapili, 5 Bhadau. Kathmandu.

Wiki moja ya duka.

Nilikwenda siku ya kwanza kushika nafasi yangu. Indu alikuwa na rula mkononi. Nikamwambia nianzie wapi. Akasema nianzie nje. Nikasema mimi ni mume wake. Akasema, "Baba kasema wewe ni mungu. Mungu haguswi wala hagusi. Kaa hapo." Ameniwekea kigoda kando ya mlango, chini ya mchirizi wa bati. Kazi yangu ni kuwaita watu wajibanze mvua ikianza. Ni nafasi ya juu. Bila mimi mvua ingenyesha bure.

Goti la Baba halijapona. Haendi tena hekaluni asubuhi, anakaa ndani ya duka nyuma ya marobota, mguu juu ya kiti, anasikiliza wateja. Keshab hupita kila jioni. Huweka kopo la dawa ya kuchua kwenye kaunta, huzungumza habari za mvua, huondoka. Indu hulichukua, humchua Baba. Bado yuko kwenye mambo ya jiwe! Watu wengine wanazunguka dunia nzima na hawajifunzi kitu.

Leo Baba alimwambia Indu, nikasikia kutoka kwenye kigoda, kwamba Mama amemjia ndotoni akamuuliza mbona yale maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akacheka mwenyewe. Akasema akijaliwa, mwakani atajaribu tena, aingie ziwani kwa miguu yake.

Nimelifikiria jambo hili tangu mchana na nimepata ufumbuzi. Kosa la mwaka huu lilikuwa moja tu: alinibeba wakati wa kushuka, ndiyo maana akaliacha ziwa nyuma. Nimemwambia Indu amfikishie. Mwakani anibebe wakati wa kupanda.